Nimefunga fladi nne kuangalia bahari, wageni wanasema hawaoni nyota. Nizime?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina nyumba ndogo ya wageni, vyumba vitano, hapa Kigombe njia ya Tanga kwenda Pangani, tupo ufukweni kabisa. Mume wangu kafunga taa nne za fladi za LED, wati mia kila moja, zote zinaangalia baharini, kwa usalama na kupendezesha. Mwezi uliopita wageni wawili wakaondoka kabla ya siku zao, wakasema walifuata nyota na hawakuziona. Babu yangu ni mvuvi, analalamika zinamuumiza macho akirudi usiku. Na kijana mmoja wa mambo ya mazingira alipita akasema nitawapoteza kasa. Nizime zote? Na wezi je?"

Marahaba mwanangu. Umeniuliza maswali manne ndani ya moja, na nashukuru umetuma na picha maana bila zile picha ningekujibu maneno ya darasani tu. Jibu la haraka: usizime zote, ziinamishe. Shida yako sio kwamba una taa, shida ni kwamba mwanga wako mwingi unaenda sehemu ambayo hakuna mtu anayeuhitaji, yaani unawamulikia samaki na mawingu alafu ngazi ya kushukia ufukweni, pale ambapo mgeni anaweza kujikwaa, ina giza. Angalia picha yako vizuri utaona hilo, ile ngazi haionekani kabisa.

Tuanze na nyota maana ndo zilizokukosesha hela. Mwanga wa taa ukienda juu au ukienda kombo haupotei hivi hivi, unagonga chembechembe za hewa, vumbi, na ule unyevu wa bahari ambao sisi watu wa pwani tunao wa kutosha, unatawanyika na mwingine unarudi chini kwako. Ule weupe unaouona kwenye anga ukiwa Kigombe usiku ukageuka kaskazini kutazama upande wa Tanga mjini, ndo huo. Nyota haijaenda popote, iko pale pale, ila umeweka pazia jeupe mbele yake. Na mwanga wenye ubuluu mwingi, kama wa LED nyeupe kali, unatawanyika zaidi, ule wa buluu unatawanywa na hewa safi karibu mara tatu kuliko wa rangi ya kahawia ya asali. Kwa hiyo taa mbili zenye wati sawa, moja nyeupe ya kuchoma macho na moja ya njano, haziharibu anga sawasawa.

Kama unataka kuamini bila kusoma kitabu, subiri siku umeme ukatike eneo zima (hutasubiri sana), toka uani, usiwashe tochi ya simu, kaa dakika 20 mpaka 30 macho yazoee. Hiyo nusu saa ni lazima, jicho linajitengenezea upya ile dawa yake ya kuonea gizani na ukiwasha simu mara moja tu umerudi mwanzo. Alafu angalia juu. Kwenye giza zuri mtu mwenye macho mazima anaona nyota kama 2,500 kwa wakati mmoja. Katikati ya mji mkubwa uliojaa taa ukipata mia moja umebahatika.

Mimi kipimo changu ni Kilimia. Wazee wa hapa walikuwa wanakiangalia kujua msimu, na bado msemo upo, kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na ni kweli kabisa, kinapotelea kwenye mwanga wa jua mwezi wa tano masika ikiwa imekolea, kinarudi alfajiri mwezi wa sita mvua zishaisha. Sasa jioni za Desemba mpaka Februari kinakuwa juu upande wa kaskazini, kundi dogo la nyota zilizosongamana. Zihesabu. Ukipata sita au saba anga lako ni zuri. Ukipata tatu au nne, au ukaona kaukungu tu, taa zimeshakula. Hesabu ukiwa ufukweni fladi zikiwaka, alafu hesabu tena zikiwa zimezimwa nusu saa, andika kwenye daftari. Wala usifikiri ni mchezo wa watoto, kuna wanasayansi walikusanya hesabu za namna hiyo hiyo za watu wa kawaida kwa macho tu, zaidi ya 50,000, kuanzia 2011 hadi 2022, wakachapisha 2023, wakakuta anga la usiku katika maeneo yaliyopimwa linazidi kuwa jeupe kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Yaani mtoto aliyezaliwa sehemu inayoonekana nyota 250, akifika miaka 18 atakuwa anaona 100. Hesabu nyingi zilitoka Ulaya na Marekani, hapa kwetu hazikuwa nyingi, na ndo maana nakwambia Kigombe bado mna kitu ambacho wenzetu wameshakipoteza. Ramani ya dunia iliyotoka 2016 ilionyesha zaidi ya theluthi moja ya watu duniani hawawezi kuiona Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, wakiwa nyumbani kwao. Hao wageni wako wawili inawezekana kabisa ni katika hao.

Na usiwacheke kwamba wamepanda ndege kuja kutazama nyota. Namibia, hifadhi ya NamibRand ilipewa cheti cha anga la giza 2012, na shirika la DarkSky lililoanzia Tucson, Arizona, mwaka 1988, na wageni wanaenda pale kwa ajili hiyo hiyo. Wewe upo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, ambapo unaona karibu anga lote la dunia, mgeni wa Uingereza hajawahi kuliona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini kwao hata siku moja. Julai na Agosti, kusi likivuma na anga limekauka, kuanzia saa mbili tatu usiku kundi la Nge linakuwa karibu utosini, mkia umepinda kabisa kama nge wa ukweli, na hapo pembeni ya mkia ndo Njia ya Maziwa inaponenepa, ndo katikati ya kundi letu lote la nyota. Desemba na Januari ukiangalia kusini juu ya minazi unaona kawingu kadogo kasikosogea na upepo, hilo sio wingu, ni kundi jingine la nyota kabisa, mwanga wake umesafiri miaka kama 160,000 kukufikia. Fladi moja tu inatosha kukafuta.

Sasa kasa. Huyo kijana hajakudanganya, ila nadhani alikueleza kwa haraka. Kasa jike anapanda usiku kutafuta mchanga wenye giza, akikuta pamemulikwa anaweza kugeuza akarudi baharini bila kutaga. Lakini balaa kubwa ni kwa watoto. Mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili, shimo moja linaweza kuwa na mayai mia na kitu, yakianguliwa vitoto vinatoka usiku vyote pamoja na havijui bahari iko wapi kwa kuifikiria, vinafuata tu upande wenye mwanga zaidi uliokaa chini kwenye upeo wa macho. Kwa miaka yote hiyo upande huo ulikuwa bahari, maana maji yanaakisi nyota na mwezi na nchi kavu ina kivuli cha miti. Wewe ukiwasha taa nyuma ya ufukwe umegeuza dira. Vinatambaa kuja kwako, vinachoka, vinaliwa na kaa na kunguru, au jua linavikuta juu ya mchanga. Nimeviona kwa macho yangu, sio hapo kwako, ni ufukwe mwingine ambao siutaji, asubuhi nyayo zao zimechorwa mchangani kama mtu kapitisha reki, zote zinaelekea kwenye ukuta wa baa, hata moja haielekei majini.

Na kipande chetu hiki cha pwani ndo kwenye kasa wenyewe. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani zamani kilikuwa na miti na kilisifika kwa kasa kutaga, leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa linafunikwa. Kwa hiyo fukwe za bara zilizobaki, Ushongo, na Madete ndani ya Hifadhi ya Saadani, zina uzito kuliko zamani. Kigombe nyie mpo jirani.

Kipimo cha kasa ni rahisi kuliko cha nyota. Usiku nenda ukakae mchangani pale maji yanapofika wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, kaa chini kabisa kichwa kiwe karibu na mchanga, geuka utazame nyumba yako. Taa yoyote ambayo unaiona yenyewe, yaani ile LED inayowaka sio ukuta uliomulikwa, kasa naye anaiona. Hiyo ndo ya kushughulikia. Nyingine ziache.

Babu yako sasa, na hapa naomba mume wako asome. Babu anatoka gizani macho yake yameshafunguka, anatafuta mlango wa kupita kwenye mwamba, alafu anapigwa na wati 400 usoni. Ile sehemu anayotaka kuiona, maji yanapovunjika, inakuwa nyeusi tii. Ni sawa na wewe ukutane na gari limewasha fuli usiku barabara ya vumbi, unaona gari huoni shimo. Na wavuvi ndo watu ambao huhitaji kuwafundisha thamani ya giza. Muulize mtu wa dagaa kwa nini hatoki mbalamwezi. Karabai au taa yake ya LED inavuta dagaa kwa sababu pembeni kote ni kiza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanatawanyika taa haina kazi, ndo maana wanahesabu siku za giza na siku za mwezi kama wewe unavyohesabu siku za mshahara. Na mwezi mpevu wenyewe, ule unaosomea hata gazeti vichwa vya habari, hautoi hata luksi (kipimo cha mwanga) nusu. Fladi yako mita kumi mbele inatoa makumi ya luksi. Sasa jiulize chakula cha samaki kinafanya nini kwenye maji ya mbele yako usiku kucha, mwezi wako hauzami hata siku moja. Matumbawe pia yanafuata mwezi kujua siku ya kuachia mayai, na wewe upo kando ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyoanzishwa 2009.

Haya, wezi. Najua hapa ndo mume wako amekaa.

Siwezi kukwambia taa hazisaidii kabisa, nitakuwa nakudanganya. Ushahidi umegawanyika. Uingereza na Wales walichunguza halmashauri 62 zilizopunguza au kuzima taa za barabarani, matokeo yakatoka 2015, hawakuona ushahidi kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka. New York nao wakajaribu kuweka taa kali kwenye makazi ya umma wakaona uhalifu wa usiku wa nje umepungua. Ila kote huko wanazungumzia taa zinazomulika watu wanapopita, sio taa inayomulika Bahari ya Hindi. Mwizi wako haji kwa kuogelea kutoka Pemba.

Kuna hoteli moja, jina tuliache, waliniita baada ya kuibiwa injini ya boti usiku. Meneja ananiambia lakini tuna taa kali, tazama. Nikamwambia mlinzi kaa pale unapokaaga kila siku. Akakaa kwenye kiti chake, fladi ipo mbele yake juu ya nguzo, inamwangalia. Nikamtuma kijana asimame nyuma ya nguzo, hatua kama nane kutoka kwa mlinzi. Unamwona? Simwoni mzee. Nikamwambia nyoosha mkono uizibe ile taa kwa kiganja, taa tu. Akaziba. Akaruka kwenye kiti, kijana anamchekea. Mwanga ule ule, mtu yule yule, tofauti ni kiganja. Taa inayokupiga machoni inafinya jicho na inatengeneza kivuli kikali ambacho mwizi anakipenda kuliko giza lenyewe, maana kwenye giza la kawaida macho yenu ni sawa, kwenye kivuli cha fladi yeye anakuona wewe humwoni. Fanya jaribio hilo hilo leo usiku na mume wako, litamaliza ubishi wenu kuliko mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Fladi mbili za pembeni, zile za karibu na mnazi ulioinama, zitoe kabisa. Mbili zilizobaki nazo zitoe upande wa bahari, na badala yake weka mbili ndogo upande wa barabara na geti, sio za wati mia, wati 10 au 20 kila moja inatosha kabisa, tena na sensa, zikae zimezima mpaka mtu apite. Taa inayowaka ghafla inamshtua mwizi na inamwamsha mlinzi, taa inayowaka usiku kucha inamsindikiza mlinzi kulala. Sensa uielekeze chini kidogo la sivyo mbuzi wa jirani watakuwashia taa mpaka uichukie. Na kioo cha fladi kiangalie ardhi kabisa, kama sinia lililofunikwa, kile chuma chake cha nyuma kina skrubu mbili, fundi analegeza anainamisha anakaza, kazi ya dakika tano. Ukiiona LED yenyewe ukiwa umesimama mbali ujue bado haijainama.

Ngazi na njia ya kwenda vyumbani ndo uweke taa, ndogo ndogo, wati 3, kimo cha goti. Kofia ya taa usinunue. Chukua kifuu kizuri, nusu, toboa juu pitisha holda, kikae mdomo chini. LED ya wati 3 haichemki sana ila acha uwazi kidogo juu hewa ipite na waya usiguse kifuu. Kwa mkono wa hapa Tanga inapendeza kuliko vile vya dukani vinavyoota kutu miezi mitatu kwa chumvi. Kama kifuu hukitaki, fundi bati wa Ngamiani, Tanga mjini, atakukunjia kofia za bati, mpelekee tu kipimo. Barazani kwenye vyumba weka wati 5, ndani ya paa, isionekane ukiwa mchangani.

Rangi sasa, hapa watu wengi wanakosea dukani. Kwenye boksi la taa kuna namba inaishia na herufi K. Nyingi zinazouzwa ni 6500K, nyeupe ya hospitali. Wewe tafuta 2700K au chini ya hapo, isizidi 3000K. Upande wa bahari kama unaweza kupata zile za rangi ya kahawia ya asali ndo bora, maana mwanga wa rangi hiyo haumsumbui kasa kama wa buluu na kijani. Muuzaji atakwambia nyeupe ndo inamulika zaidi mama, mwambie asante nipe hiyo hiyo. Faida nyingine ni wadudu, taa nyeupe inaita kila mdudu wa Muheza, ya njano inaita wachache, masika kumbikumbi wakitoka utanikumbuka mezani kwa wageni.

Na wekeni muda. Baada ya saa nne usiku nani yupo ufukweni? Taima ndogo ya kwenye swichi inazima yenyewe. Mgeni akitaka kwenda majini saa saba mpe tochi yenye karatasi nyekundu ya plastiki mbele, hata ile ya kufungia zawadi, ikunje mara tatu.

Hesabu ya LUKU nimekufanyia: wati 400 kwa masaa 12 ni uniti 4.8 kwa usiku mmoja, mwezi 144. Kwa shilingi 350 hivi kwa uniti unachoma kama 50,000 kila mwezi kumulika maji. Huo mpango mpya, taa sita za njia na tano za baraza, hata ukiziwasha usiku kucha ni uniti 15 na kidogo kwa mwezi, na za geti zenye sensa hazifiki popote. Fladi kubwa utakazotoa ziuze, pesa yake itanunua taa zote ndogo na chenji labda ya kifuu.

Utaniambia taa zangu nne zitabadilisha nini wakati mji mzima unawaka. Pale Tucson mwaka 2019 walicheza na taa za barabarani za mji wote, usiku huu wanazipunguza kesho wanaziongeza, wakapima kwa satelaiti, wakakuta taa za barabarani zilikuwa sehemu moja ya tano tu au chini ya hapo ya mwanga wote ulioonekana kutoka juu. Zilizobaki ni za watu, mabango, viwanja vya mpira, maduka, mafladi ya majumbani. Kwa kijiji kama chenu ambacho hakina taa za barabarani nyingi, fladi zako nne zinaweza kuwa ndo mwanga mkubwa kuliko wote ufukweni. Ukizigeuza, Kigombe inabadilika usiku huo huo, hili sio kama moshi kwamba lazima usubiri miaka.

Muulize babu giza lijalo linaanza lini, atakwambia bila kutazama kalenda. Maliza kazi kabla ya hapo, alafu mwombe siku akirudi usiku apite mbele ya nyumba akuambie kama bado kuna taa inamchoma jicho, yeye ndo mkaguzi wako. Na ile taa ya chooni nje niliyoiona kwenye picha ya tatu, yenye ukuta mbele yake upande wa bahari, hiyo iache kama ilivyo, badilisha balbu tu.